Shahidi wa Tatu

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Sisi hatujambo, isipokuwa vidole vyangu, ambavyo wiki hii vimeniaibisha mbele ya watu.

Ofisini wametuletea programu mpya ya kuandikia. Mpya kwao, si kwangu. Ni ile ile uliyonifundisha zamani kwenye meza ya jikoni, ile yenye skrini nyeusi isiyo na kitufe cha kubofya hata kimoja, kila jambo unaliamuru kwa kibodi. Nilijigamba, nikamwambia Msajili kwamba hiyo naijua kama kiganja changu na wenzangu wote wapange foleni kwangu. Jumatatu nikakaa, nikaanza kuandika "Mbele ya Mheshimiwa Jaji", na nusu ya herufi zikageuka amri. Mistari ikaruka, ukurasa mzima ukayeyuka, kompyuta ikawa inalia pii pii kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Babu Chapa, yule mchapaji mkongwe anayekaa dirishani, akageuka akaniuliza kwa upole kama hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Kumbe nimesahau yote. Nisaidie, tafadhali. Nianze upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikishindwa watanirudisha masijala kubeba mafaili, na mgongo wangu unaujua.

Kazi yangu ni ile ile. Wenzangu wanachapa mwenendo wa kesi zinazokwenda rufaa, kila neno la kila shahidi kama jaji alivyoliandika kwa mkono, mimi ndiye mkaguzi wa mwisho, nikimaliza faili linakwenda kwa majaji moja kwa moja. Faili lako la rufaa litafika kwetu mwezi wa nne. Msajili anajua wewe ni nani kwangu. Amesema litachapwa na Babu Chapa, na mimi niangalie nafasi na namba za kurasa tu, kwa kuwa hakuna mkaguzi mwingine. Amesema ananiamini. Na lile uliloniomba siku ya hukumu sijalisahau, sitausoma ushahidi. Neno lako linanitosha: usiku ule ghala lilipoungua hukuwa huko.

Mama ameanza kuanika godoro lako.

Ni mimi dada yako


14 Februari

Dada yangu,

Nimecheka mpaka jirani yangu wa kitanda cha juu akagonga chuma. Mtu wa kujigamba kwa Msajili ni wewe peke yako.

Sina kompyuta hapa, lakini nimechukua boksi la sabuni nikalikata, nikachora vitufe vyote. Nafunga macho, naviacha vidole vitembee, halafu naangalia vimesimama wapi. Havijasahau kitu. Kwa hiyo haya nakuandikia si kwa kukumbuka, nakuandikia kwa kuangalia mikono yangu.

Somo la kwanza. Programu ile ina hali mbili, ya kuandika na ya kuamuru. Ukiifungua inakungoja uamuru, wewe ukadhani inakungoja uandike, ndiyo maana ikakufanyia fujo. Bonyeza i, andika. Ukimaliza, bonyeza Esc, urudi kwenye kuamuru. Esc iwe kama kuvuta pumzi. Ukichanganyikiwa, Esc. Ukiitwa na Msajili, Esc kwanza halafu uitike.

Somo la pili, kutembea. h, j, k, l: kushoto, chini, juu, kulia. Usiguse mishale hata kidole kikikuwasha. d mara mbili, mstari unakufa. Alama ya mkwaju ukifuatisha na neno, inakupeleka neno lilipo, hata faili liwe refu kama barabara.

Niambie na wewe mambo mawili matatu ili nijue nikufundishe nini. Vichwa vya mashahidi bado mnaviandika vile vile, kwa herufi kubwa, SHAHIDI WA KWANZA, SHAHIDI WA PILI? Na zile karatasi za jaji za mkono, mkishachapa na kukagua bado mnazitia kwenye mashine ya kuchana?

Mwambie Mama godoro aligeuze na upande wa pili.

Mdogo wako


25 Februari

Mdogo wangu,

Esc imeniokoa. Sasa naibonyeza hata nyumbani, juzi nimejikuta nimegusa pembe ya meza kabla ya kumjibu Mama. Mishale nimeibandikia plasta ili nisiiguse, na Babu Chapa amebandika ya kwake pia kwa kuniiga. Yeye anajifunza haraka kunizidi, lakini kwa adabu zake anajifanya hajui ili nipate wa kumfundisha. Tunakunywa chai pamoja saa nne na kuulizana vitufe kama watoto wanaojiandaa kwa mtihani.

Vichwa ni vile vile, herufi kubwa. Karatasi za mkono zinachanwa kila Ijumaa, sanduku la kuziwekea limejaa na chumba hakina nafasi.

Yamebaki mawili yanayonitesa. La kwanza ni Ctrl na M. Unaikumbuka? Kwenye programu ya ofisini iliyoondolewa ndiyo niliyojiwekea ya kumalizia, unahifadhi na kufunga faili kwa pigo moja. Miaka yote hiyo nimekuwa nikikagua, nikifika mwisho naipiga, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Huku inashusha mstari mmoja tu, basi. Vidole havitaki kusikia. Vinaipiga hivyo hivyo, halafu nakaa nangoja faili lijifunge.

La pili: nikikosea, narudije nyuma? Najua ipo njia, uliwahi kunionyesha.

Mama anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Nakula.

Ctrl na M yako nakurudishia kama zawadi. Hapa chini nimekuandikia mistari miwili ya alama. Fungua faili la mipangilio, kama nilivyokueleza nyuma ya karatasi hii, uinakili mistari yote miwili, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta. Usijaribu kuielewa. Ni lugha ya mashine, hata mimi nimeijenga kwenye boksi langu wiki nzima na kufuta. Ukikosea alama moja haitafanya kazi, kwa hiyo soma mara mbili. Ukimaliza, vidole vyako vitafunga mlango kama zamani.

Fundi wa kompyuta wa ofisini usimwonyeshe. Mafundi wana wivu, ataiondoa aweke ya kwake.

Habari ya kurudi nyuma, tutafika. Ukijifunza kurudi nyuma mapema utazoea kukosea. Kwanza ujifunze kwenda mbele.

Huku ndani kuna mtu karibu nami aliyerudishwa kutoka rufaa wiki iliyopita. Tangu arudi anakunja tu blanketi lake na kulikunjua. Mimi sitaweza, Dada. Nakwambia wazi ili ujue. Miaka iliyobaki sitaimaliza nikiwa mzima. Faili langu likifika, likague kama mengine yote, ulifunge kwa mkono wako.

Mdogo wako anayekupenda


20 Machi

Mdogo wangu,

Imekubali. Niliinakili nikiwa nimebana pumzi, nikafungua faili, nikakagua, nikapiga Ctrl na M, na faili likajifunga polepole kama zamani. Nilitamani kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu ni Msajili, kwa hiyo nikajizuia. Tangu wiki iliyopita nimekuwa nikifungua na kufunga mafaili. Mikono yangu imerudi nyumbani, na ni wewe uliyeirudisha, umekaa huko na boksi la sabuni. Nilimwambia Mama, akalia kidogo, kisha akasema wewe tangu zamani ulikuwa na akili ya kutengeneza vitu.

Leo lakini kumezuka jambo lililotuharibia siku. Wakili mmoja amekuja na hasira. Anamtetea mpishi wa shule aliyefungwa kwa kosa la kuwatilia watoto dawa ya panya kwenye chakula. Anasema katika mwenendo tuliopeleka kwa majaji, mashahidi wanaruka kutoka wa pili kwenda wa nne. Wa tatu hayupo, na huyo wa tatu ni muuguzi aliyesema kwamba mpishi siku ile alikuwa hospitali na mwanawe. Karatasi za mkono zilishachanwa. Aliyechapa ni Babu Chapa, na mimi ndiye niliyekagua. Naapa nilimwona shahidi yule, nilimsahihishia mpaka jina la hospitali. Au ninachanganya na kesi nyingine? Babu Chapa amekaa akitazama mikono yake.

Mwombee.

Dada yako


1 Aprili

Dada,

Pole na kero za ofisini. Huyo Babu Chapa amezeeka, si wewe uliyeniambia mwaka jana kwamba alivaa viatu vya jozi mbili tofauti? Mtu wa hivyo ataruka ukurasa na asijue. Wewe umekagua mafaili mangapi, huwezi kukumbuka kila shahidi. Usijitie katikati. Ukianza kusema uliona, watakuuliza basi shahidi alipotelea wapi mikononi mwako.

Faili langu limefika? Babu amelichapa? Kama bado hujalikagua, usibadilishe chochote kwenye kompyuta yako mpaka lipite. Usikubali wakuhamishie mashine nyingine. Ukizoea kitu, kaa nacho.

Nimeota niko jikoni kwetu nawasha taa. Hiyo tu, hakuna kingine.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Babu Chapa amesimamishwa kazi. Rufaa ya mpishi imetupwa, majaji wamesema hakuna kwenye mwenendo mtu aliyemwona mahali pengine, na mwanamke yule amerudishwa gerezani. Baada yake wamegundua mafaili mengine, na yote ni vile vile, wa tatu hayupo. Mengine hakuyachapa yeye, lakini wameshaamua. Alifungasha kikombe chake kwenye gazeti, akaniambia labda ni kweli, labda kichwa chake kinaruka na yeye hajui. Nimeumia vibaya. Mtu amefanywa asiamini kichwa chake mwenyewe.

Faili lako nimelikagua leo asubuhi. Sikusoma kitu, nimetazama nafasi na namba za kurasa, nikalifunga. Linakwenda kwa majaji mwisho wa mwezi. Nilipolifungua tena mchana ili niandike idadi ya kurasa kwenye jalada, idadi ilikuwa imepungua. Nilihesabu tena. Nikajiambia ni nafasi nilizobana.

Silali vizuri. Nimeazima kitabu cha maelekezo cha programu, kile kinene, nakisoma kwenye chakula cha mchana kwa ajili ya Babu. Kama kuna kitufe kinachoweza kumfutia mtu bila yeye kujua, nataka nimpelekee ushahidi nyumbani kwake. Nimefika sura ya mipangilio. Hebu niambie, ile mistari miwili uliyonitumia: wa kwanza nimeuelewa, unahifadhi na kufunga. Wa pili unafanya nini?

Dada yako


18 Aprili

Dada,

Rudisha kitabu. Hutakielewa, kimeandikwa kwa watu wa fani.

Mistari ile ifute ukitaka, yote miwili. Imeshafanya kazi yake.

Fikiria Mama. Fikiria atakavyonifungulia mlango. Wewe ulisema neno langu linakutosha, sasa liache likutoshe. Babu Chapa alikuwa anakaribia kustaafu, na mpishi simjui na wewe humjui. Tuna siku chache tu, halafu kila mtu atapumzika.

Ukiandika tena, niandikie habari za nyumbani tu. Barua zinasomwa.

Mdogo wako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Najua zinasomwa. Ndiyo maana leo siandiki vitufe, naandika Kiswahili cha kawaida, ili kila atakayeifungua barua hii kabla yako aelewe.

Baada ya kupata jibu lako nilifungua faili jipya, nikatunga kesi ya uongo ya kuku aliyeibwa. Nikaweka mashahidi watano, kila mmoja sentensi moja. Nikapiga Ctrl na M, faili likajifunga. Nikalifungua tena. Wa kwanza alikuwepo, wa pili alikuwepo, wa nne na wa tano walikuwepo. Nilirudia mara nyingi, kila mara nikijiambia safari hii atabaki. Halafu nikakaa na kitabu nikausoma mstari wako wa pili alama kwa alama, mpaka nikaweza kuusoma kama ninavyosoma mwandiko wako. Unatafuta kichwa cha SHAHIDI WA TATU, unafuta kila neno mpaka kichwa kinachofuata, kisha ndipo unafunga. Katika kila faili. Hukujali kuwatenga wengine. Kesi yako ilikuwa na shahidi mmoja tu wa kukufunga, naye alikuwa wa tatu, kwa hiyo wa tatu wa dunia nzima wakafa pamoja naye, na aliyewafuta ni mimi, kwa mkono niliokushukuru kwa kuurudisha.

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Na bado kila nikikasirika nakuona na boksi lako la sabuni, umefunga macho, unanifundisha kuvuta pumzi. Sijui nikuchukie vipi mtu yule yule.

Kitufe cha kurudi nyuma ni u. Kiko sura ya kwanza kabisa, ukurasa ambao mtoto angeujua. Fundi alipoweka programu aliipangia ikumbuke kila kinachofutwa, hata faili likifungwa siku nyingi, na hilo hukulijua kwa sababu uliniambia nisimwonyeshe. Nilifungua mafaili moja baada ya jingine, nikapiga u, na mashahidi wakarudi. Akarudi muuguzi wa yule mpishi, na jina la hospitali nililolisahihisha. Msajili alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Nilikuwa nimeshamwambia. Hakunifokea, aliniuliza tu kama ninajua nitakayoulizwa, nikasema ninajua. Tangu jana siendi kazini, na keshokutwa naitwa kuhojiwa. Wamemtuma dereva kwa Babu Chapa amrudishe kazini. Mpishi wakili wake amepewa mwenendo kamili, na majaji wamekubali kumsikiliza upya.

Lako nililiacha la mwisho. Msajili alisema hilo angelifungua yeye, nisijitese. Nilimwomba aniachie. Mpaka dakika ile nilikuwa nakutetea moyoni. Nilijiambia kwamba umefanya hili kwa woga, kwamba hata mtu asiye na hatia anaweza kuogopa shahidi mwongo, kwamba kule ghalani hukuwepo kama ulivyosema. Nilipiga u. Akarudi shahidi wako wa tatu, mama mmoja muuza mkaa, na kwa mara ya kwanza nikavunja ahadi, nikamsoma.

Anasema moto ulikuwa umeshashika nyuma ya ghala. Anasema mlinzi alikuwa ndani anagonga mlango wa chuma, na nje alisimama kijana mmoja, mkono kwenye komeo, hafungui. Alisimama akisikiliza mpaka kugonga kukaisha. Uso hakuuona vizuri, na wakili wako alimbana sana hapo, akamwuliza atamtambuaje mtu asiyemwona uso. Akajibu kwamba taa ya ukuta ilikuwa inammulika mgongoni, akaona sweta ya kijani, na kiwiko cha kulia kimeshonwa kwa uzi wa bluu. Mahakama haikuiona sweta hiyo, haikupatikana popote. Wakili akacheka akasema mama huyu anabuni.

Uzi wa kijani ulikuwa umeniishia. Nilikushonea kwa wa bluu ili usipate baridi, nikakwambia hakuna atakayeangalia kiwiko.

Dada yako